Seva inasema 40, faili linasema 300: shajara ya kutengeneza MySQL dukani

Jumatatu, 5 Mei 2025. Hali niliyoikuta

Nimeitwa na duka la jumla la vipuri vya pikipiki hapa Morogoro. Kuna kaunta sita mbele, ghala nyuma, na seva moja imewekwa chini ya meza ya mhasibu: Ubuntu 22.04, MySQL 8.0 (programu inayotunza kanzidata), RAM GB 8. Programu ya mauzo ni ya wavuti na inakaa kwenye mashine hiyohiyo. Kaunta zinaifungua kwa kivinjari. Kanzidata ina mauzo ya miaka minne, GB 2 na ushei.

Malalamiko ni mawili. Kila ikifika saa nne asubuhi, wateja wakishajaa, kaunta moja au mbili zinatupwa nje na kosa 1040, "Too many connections". Na ripoti ya stoki inachukua dakika 11, kwa hiyo mhasibu huianzisha kisha huenda kunywa chai.

Kosa 1040 halimfungii nje msimamizi. MySQL huacha nafasi moja juu ya kikomo kwa mwenye mamlaka ya usimamizi, ndiyo maana niliingia kwa root huku kaunta zimegoma. Nikauliza:

`SHOW VARIABLES LIKE 'max_connections';`
`SHOW VARIABLES LIKE 'innodb_buffer_pool_size';`

La kwanza, kikomo cha miunganisho, likajibu 40. La pili, RAM ambayo MySQL inatunzia data, likajibu 134217728, yaani MB 128. Mashine ina GB 8 na kanzidata inapumulia MB 128! Nikaona nusu saa inatosha. Nikaandika faili `/etc/mysql/conf.d/duka.conf`:

`[mysqld]`
`max_connections = 300`
`innodb_buffer_pool_size = 2500M`

Jioni duka lilipofungwa nikazima MySQL na kuiwasha tena. 40. 134217728.

Nikarudia, nikidhani haikuzimika vizuri. Majibu yakawa yaleyale. Nikarudi nyumbani. Gharama ya siku: bodaboda Sh 4,000 kwenda na kurudi.

Jumanne, 6 Mei. Herufi moja kwenye jina la faili

Leo nimepoteza saa tatu, na ninaziandika zote kwa sababu najua kuna mwenzangu atapita njia hiihii.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kubahatisha. Nilibadilisha kitu, nikawasha upya, nikaangalia, nikabadilisha kingine. Nikadhani kichwa cha sehemu ndicho kibaya, nikaandika `[mysql]` badala ya `[mysqld]` kwenye faili kuu la `/etc/mysql/my.cnf`. Seva ikawaka kama kawaida na haikubadilika chochote, ila sasa mimi mwenyewe nikashindwa kuingia: "mysql: [ERROR] unknown variable 'max_connections=300'". Herufi d ina maana kubwa hapo. `[mysqld]` ni maneno ya seva, `[mysql]` ni ya programu ya mteja unayoandikia amri. Mteja akikuta neno la seva kwenye sehemu yake anagoma, na seva haijali kabisa. Nikaifuta mistari hiyo.

Katika kuhangaika huko nikachukua pia mistari ya mwongozo wa zamani niliokuwa nimeuhifadhi kwenye laptopu na kuibandika kwenye `duka.conf`, pamoja na `query_cache_size = 64M`. Ukumbuke mstari huu. Utarudi.

Nilipoacha kubahatisha nikauliza swali ambalo ningeanza nalo: ni mafaili gani hasa yanasomwa, na yanatoa nini?

`mysqld --verbose --help | grep -A 1 "Default options"`
`my_print_defaults mysqld`

Amri ya kwanza inaorodhesha mahali MySQL inapoanzia kutafuta: `/etc/my.cnf`, `/etc/mysql/my.cnf`, `~/.my.cnf`. Ya pili inachapisha kila kitu kilichopatikana kwenye mafaili kwa ajili ya seva. Humo hamkuwa na 300 wala 2500M. Kwa hiyo faili langu halikuwa limefunguliwa. Hapo swali likabadilika: sikuwa tena natafuta kwa nini mipangilio haifanyi kazi, nilikuwa natafuta kwa nini faili halisomwi.

Kwenye Ubuntu `/etc/mysql/my.cnf` ni kiungo tu. Ukikifuata unafika `/etc/mysql/mysql.cnf`, na humo mna mistari miwili ya maana:

`!includedir /etc/mysql/conf.d/`
`!includedir /etc/mysql/mysql.conf.d/`

Na `!includedir` kwenye Linux huchukua mafaili yanayoishia na `.cnf` pekee. La kwangu linaishia na `.conf`. Nimezoea seva za wavuti za Nginx na Apache, vidole viliandika vyenyewe. MySQL haisemi kitu kuhusu faili isilolichukua; kwake halipo.

Nikalibadilisha jina liwe `duka.cnf`. Kwa kuwa nilikuwa nahariri kutoka laptopu ya Windows kwa WinSCP (programu ya kuhamisha mafaili) na akaunti yangu ilikataliwa kuandika, nikafanya jambo ambalo wengi wetu hulifanya tukichoka: `chmod 777`, yaani kila mtu aruhusiwe kuliandika. Nikahifadhi, nikawasha upya saa mbili usiku.

40. 134217728.

Jumatano, 7 Mei. Faili lililofunguliwa kwa kila mtu

Asubuhi nilifungua programu ya mteja kama jana, nikaandika nywila, na safari hii jicho likasimama kwenye mstari uliokuwa juu ya makaribisho:

"mysql: [Warning] World-writable config file '/etc/mysql/conf.d/duka.cnf' is ignored."

Mstari huo ulikuwepo tangu jana usiku. Nimeupita mara nne au tano, kwa sababu mara tu unapoingia, maneno ya makaribisho yanajaa chini yake na macho yanakimbilia alama ya kuandikia.

Maana yake ni kwamba MySQL ikikuta faili la mipangilio ambalo mtu yeyote kwenye mashine anaweza kuliandika, inaliruka kwa makusudi. Ina sababu nzuri. Mipangilio ndiyo inayoamua data ikae wapi, na seva iendeshwe na mtumiaji gani. Faili lililo wazi kwa kila mtu ni mlango ulioachwa bila komeo, na seva inakataa kupita hapo. Naikubali kabisa sheria hii. Ninachotamani ni onyo lake liandikwe mahali watu wanapotazama. Nilipekua `/var/log/mysql/error.log` yote, halimo, kwa kuwa mafaili ya mipangilio husomwa kabla seva haijafungua logi yake. Nimelikuta hapa:

`journalctl -u mysql | grep -i ignored`

Wanaotumia Docker (programu ya kuendesha seva ndani ya kontena) kwenye Windows, hili linawahusu hasa. Faili la mipangilio likipachikwa kutoka upande wa Windows, mara nyingi ndani ya kontena huonekana na ruhusa 777, na MySQL huliruka vilevile.

Marekebisho ni mistari miwili, ili root pekee aweze kuliandika:

`sudo chown root:root /etc/mysql/conf.d/duka.cnf`
`sudo chmod 644 /etc/mysql/conf.d/duka.cnf`

Ilikuwa saa nne na robo, wateja wameanza kuingia. Nilikuwa na uhakika kiasi kwamba sikusubiri jioni. Nikamwambia mhasibu, "Dada, nipe dakika moja, nazima na kuwasha."

MySQL haikuwaka.

Logi: "unknown variable 'query_cache_size=64M'".

Ndio ule mstari wa jana. Query cache (hifadhi ya majibu ya maswali yaliyokwisha kuulizwa) iliondolewa kabisa kwenye MySQL 8.0, na seva ikikuta neno isilolijua kwenye sehemu yake inakataa kuanza. Siku nzima faili lilikuwa limebeba uchafu huo bila madhara kwa sababu halikuwa likisomwa. Siku liliposomwa, likauma.

Kuufuta mstari kulichukua sekunde kumi. Kuuona kulichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu kwanza nilihangaika na ruhusa nilizotoka kubadilisha nikidhani ndizo zilizoharibu. Jumla dakika 25. Kaunta sita zikaandika risiti kwa mkono, foleni ikafika barazani. Mama mwenye duka akatoka ofisini akasimama nyuma yangu bila kusema kitu, kisha akauliza taratibu, "Kijana wangu, hii kazi haiwezi kusubiri jioni?" Inaweza, na ingepaswa. Nimemwomba radhi na sitawasha upya tena mchana.

Risiti 31 za mkono ziliingizwa na mhasibu usiku, nami nikamlipia saa zake za ziada, Sh 15,000. Nilichojifunza kwa fedha hiyo ni amri ambayo ingeniambia yote bila kugusa seva inayofanya kazi (ipo tangu 8.0.16):

`sudo mysqld --validate-config --user=mysql`

Ikinyamaza, mafaili ni salama. Ikikuta neno isilolijua, inalitaja. Ila iendeshwe baada ya kurekebisha ruhusa, kwa sababu faili lililo wazi nayo italiruka na kusema yote ni sawa.

Kuna njia nyingine ya kujua kama faili linasomwa, nimeijaribu kwenye laptopu yangu: andika ndani yake upuuzi wa makusudi, tuseme `maembe = 1` chini ya `[mysqld]`, kisha endesha amri hiyo ya ukaguzi. Ikilalamika juu ya maembe, faili linasomwa. Isipolalamika, unahariri faili lisilo lake.

Alhamisi, 8 Mei. Nusu ya ushindi

Baada ya seva kuwaka jana:

`innodb_buffer_pool_size` = 3221225472
`max_connections` = 40

Niliandika 2500M na nimepata GB 3 kamili. Hapa hakuna kilichopuuzwa. Kwenye 8.0, eneo hili likifikia GB 1 hugawanywa katika vipande vinane, na kila kipande hukua kwa hatua za MB 128. Nane mara 128 ni GB 1, kwa hiyo ukubwa hupandishwa hadi GB kamili inayofuata. Usipolijua hili utadhani kuna faili jingine linalokupinga. Nimebadilisha faili liandike `3G` ili anayekuja baadaye asikute namba mbili zisizolingana.

Ripoti ya stoki: dakika 11 zimekuwa dakika 1 na sekunde 40 ikiendeshwa mara ya pili, data ikiwa imeshaingia kwenye RAM. Mhasibu amesema chai yake sasa inapoa mezani.

Lakini 40 imebaki 40. Na `my_print_defaults mysqld` inachapisha `--max_connections=300` waziwazi. Faili linasomwa, mstari umo, thamani haifuati.

Ijumaa, 9 Mei. Namba 40 ilikuwa na mwenyewe

Usiku nimelala nikiifikiria namba yenyewe, na nadhani hapa ndipo penye funzo kubwa kuliko pote kwenye shajara hii.

Tangu Jumatatu nilikuwa na namba mbili mbaya mkononi na nikazihesabu kuwa tatizo moja. Hazikuwa za aina moja. 134217728 ni thamani ambayo MySQL inazaliwa nayo. Ukiiona, maana yake hakuna aliyeiambia seva kitu. Thamani ya kuzaliwa ya `max_connections` ni 151. Seva isiyosoma faili lolote ingesema 151. Hii inasema 40. Namba 40 haizaliwi, mtu aliiweka.

Basi swali ni nani, na wapi. MySQL 8.0 inalo jibu ndani yake:

`SELECT VARIABLE_NAME, VARIABLE_SOURCE, VARIABLE_PATH, SET_TIME, SET_USER`
`FROM performance_schema.variables_info`
`WHERE VARIABLE_NAME IN ('max_connections', 'innodb_buffer_pool_size', 'bind_address');`

Jibu, nikiacha safu za mwisho:

`max_connections | PERSISTED | /var/lib/mysql/mysqld-auto.cnf`
`innodb_buffer_pool_size | GLOBAL | /etc/mysql/conf.d/duka.cnf`
`bind_address | GLOBAL | /etc/mysql/mysql.conf.d/mysqld.cnf`

Siku nne nimekuwa nikiyahoji mafaili, na seva ilikuwa tayari kunitajia kila thamani imetoka faili gani. Hii ndiyo amri ya kuanza nayo. Kwa wenye MariaDB, ndugu wa MySQL, jedwali hilo halipo; tazameni `information_schema.SYSTEM_VARIABLES`, safu ya `GLOBAL_VALUE_ORIGIN`, na kuanzia 10.5 kuna `GLOBAL_VALUE_PATH` pia. PostgreSQL, programu nyingine ya kanzidata, ina kitu cha namna hiyohiyo: `pg_settings` ina safu za `sourcefile` na `sourceline`, na mwenzake wa `mysqld-auto.cnf` kule huitwa `postgresql.auto.conf`, huandikwa na `ALTER SYSTEM`.

`mysqld-auto.cnf` haiko `/etc` na wengi hawajawahi kuiona. Inakaa kwenye folda ya data. Mtu akiandika `SET PERSIST max_connections = 40;` thamani inaanza kazi papo hapo na kuandikwa humo kwa muundo wa JSON, pamoja na saa na jina la aliyeiandika. Seva ikiwaka, faili hilo husomwa baada ya mengine yote, kwa hiyo neno lake ndilo la mwisho. `my_print_defaults` hailitazami, ndiyo maana ilinionyesha 300 kwa ujasiri wote.

SET_TIME ilionyesha mwaka 2022, SET_USER ilionyesha root. Mimi sikuwepo mwaka huo. Nikampigia fundi aliyenitangulia.

"Kaka, habari za siku? Naomba nikuulize kuhusu seva ya pale kwa mama."

"Nzuri ndugu yangu. Bado inapumua?"

"Inapumua. Uliwahi kuiwekea kikomo cha miunganisho arobaini?"

Akakaa kimya kidogo. "Niliweka. Mashine ilikuwa na RAM ya GB 2 wakati ule, kaunta zilikuwa mbili tu. Ikizidi arobaini ilikuwa inakata roho kabisa, mpaka uizime kwenye swichi. RAM iliongezwa baada ya mimi kuondoka."

Alifanya sawa. Kikomo chake kiliiokoa mashine ile. Kilichokosekana ni karatasi ya kusema kipo. Nimemshukuru.

Marekebisho, jioni baada ya kufunga:

`RESET PERSIST max_connections;`

Hii inafuta kilichoandikwa, haibadilishi thamani inayotumika sasa hivi, kwa hiyo nikawasha upya. 300. Tusihariri `mysqld-auto.cnf` kwa mkono hata kama inashawishi. Koma moja ikikosewa kwenye JSON, seva haiwaki. Na kama siku moja mtashuku faili hilo lakini hamwezi kuingia, kuna mpangilio `persisted_globals_load=OFF` unaoiambia seva iwake bila kulitazama.

Jumamosi, 10 Mei. Ghala

Kwa kuwa mambo yametulia, mama ameomba ghala liunganishwe. Kule kuna kompyuta ya Windows yenye programu ya kusoma bakodi inayozungumza na MySQL moja kwa moja, siyo kwa kivinjari. Nikatengeneza mtumiaji wa anwani za `192.168.10.%` tu, nikaongeza `bind-address` (anwani ambayo MySQL inasikiliza) kwenye `duka.cnf`, nikawasha upya jioni. Kule ghalani: "Can't connect to MySQL server on '192.168.10.5:3306' (10061)". Na kwenye seva `ss -ltn` inaonyesha 127.0.0.1:3306, yaani inasikiliza mashine yenyewe tu.

Safari hii haikunichukua siku nne. Jibu lilikuwa kwenye majibu ya jana: `bind_address` imetoka `mysql.conf.d/mysqld.cnf`. Tazama tena ile mistari miwili ya `!includedir`. `conf.d` inasomwa kwanza, `mysql.conf.d` baadaye, na thamani ikiandikwa mara mbili ya mwisho ndiyo inayoshinda. Faili la Ubuntu lina `bind-address = 127.0.0.1`, na linasomwa baada ya langu. Mistari mingine ya `duka.cnf` ilifanya kazi kwa sababu tu hakuna aliyeirudia mbele yake.

Nimelihamishia faili langu `/etc/mysql/mysql.conf.d/zz-duka.cnf`, na kwenye `mysqld.cnf` nimeweka alama ya reli (#), ili usisomwe, mbele ya mstari wa `bind-address` pamoja na tarehe. Sikutaka kutegemea zile zz peke yake. Kwa vitendo mafaili ya folda moja yanasomwa kwa alfabeti, lakini maelekezo rasmi ya MySQL yanasema mpangilio huo haujahakikishwa.

Niliandika `bind-address = 127.0.0.1,192.168.10.5`. Tangu 8.0.13 inaruhusiwa kutaja anwani kadhaa. Ghala likaunganishwa saa moja usiku. Waya wa mtandao mita 40 na vichwa vyake: Sh 38,000.

Jumatano, 14 Mei. Umeme ulikatika

Saa tisa alasiri umeme ulikatika, UPS ikaishiwa, seva ikazimika. Uliporudi, seva ikawaka yenyewe kama nilivyoipanga, ila MySQL haikuwaka. Nilikuwa Kihonda kwa mteja mwingine, nikapigiwa simu.

Logi: "Can't start server: Bind on TCP/IP port: Cannot assign requested address".

Swichi ya mtandao ilikuwa imechomolewa. Wakati wa giza mtu alihitaji tundu la soketi, akasahau kuirudisha. Seva ikawaka bila waya wenye uhai, kadi ya mtandao haikupewa 192.168.10.5, na MySQL niliyoiambia isikilize anwani hiyo haikuikuta. Ikajaribu mara kadhaa, systemd (inayowasha huduma za mashine) ikaiacha. Swichi iliporudishwa, anwani ikaja lakini hakuna aliyekuwa bado anajaribu.

Kosa ni la mpangilio wangu wa Jumamosi. Nimebadilisha:

`bind-address = 0.0.0.0`

yaani anwani zote za mashine, na kazi ya kuzuia nimeipa ngome ya mtandao, ufw:

`sudo ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 3306 proto tcp`

Kabla ya hapo nilihakikisha ufw imewashwa na SSH (njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali) imeruhusiwa, vinginevyo ningejifungia nje. Nikajaribu kwa makusudi saa mbili usiku: nikachomoa waya, nikazima mashine, nikaiwasha. MySQL ikawaka. Nikachomeka waya, ghala likaingia. Swichi nayo imepewa nafasi kwenye UPS. Bodaboda ya haraka kutoka Kihonda: Sh 5,000.

Jumamosi, 31 Mei. Mwisho wa mwezi

Leo ndiyo siku waliyokuwa wakiiogopa, kuhesabu stoki huku duka liko wazi. Nimekaa nao kuanzia asubuhi. Kosa 1040 halijatokea hata mara moja. Ripoti zimetoka tatu mfululizo, hakuna iliyofika dakika mbili.

`SHOW GLOBAL STATUS LIKE 'Max_used_connections';` imesema 87. Chini ya kikomo cha zamani, miunganisho 47 kati ya hiyo ingegonga mlango uliofungwa.

Lakini `SHOW PROCESSLIST` inaonyesha kuwa zaidi ya nusu yake imelala, Sleep, mingine kwa saa nzima. Programu ya mauzo inafungua miunganisho na haiifungi. Thamani ya kuzaliwa ya `wait_timeout` ni sekunde 28800, saa nane, kwa hiyo muunganisho ulioachwa asubuhi unakaa hadi jioni. Ningeweza kuipunguza, ila nimejaribu kwenye nakala: programu ikikuta muunganisho wake umekatwa, inaonyesha ukurasa mweupe badala ya kufungua mwingine. Nimemwandikia aliyeitengeneza na kumtumia orodha. Akirekebisha, nitashusha 300 iwe 120.

Ndani ya `zz-duka.cnf` kila mstari sasa una maelezo juu yake: thamani ya zamani, tarehe, sababu. Karatasi yenye ile amri ya `variables_info` nimeibandika ubavuni mwa mashine, chini ya meza, upande ambao fundi atapiga magoti.